Fuvu Kwenye Pazia la Mawaridi

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Nimekasirika tangu asubuhi. Mbarouk kauza picha nyingine! Mnazi mmoja, jua moja jekundu linazama, Mmasai mmoja mwenye miguu mirefu kuliko mnazi wenyewe. Mzungu kaichukua, tena huku anamshukuru. Kamshukuru! Kesho Mbarouk atachora ileile, kesho kutwa ileile, na mji mzima utaendelea kumwita msanii.

Msanii ni mimi. Yule Mswidi aliyepanga chumba cha juu mwaka juzi, mwenye nywele hadi kiunoni, aliniachia mfuko wa kanda za hevi metali, muziki wa magitaa na mayowe, na tangu siku hiyo sijachora mnazi. Kila kanda ina jalada, na kila jalada ni skuli nzima: mafuvu, radi, mapanga yanayowaka moto, herufi zenye miiba. Nikachanganya na mabango ya sinema, majambazi wa Kihindi wenye macho mekundu na mabingwa wa kung-fu wanaoruka hawatui. Huo ndio mtindo wangu. Hakuna anayeununua. Wageni wanasema mambo hayo wanayo kwao. Wenyeji wanasema audhubillahi.

Leo Shangazi Kazija kaniita. Nikaitika naam, nikapanda kwake juu. Nyumba hii ya Kiponda ni yake, na chumba cha chini kinachofungukia njiani, ninamochorea, ni chake. Hakuna mwengine aliyewahi kunipa hata kona ya ua. Kasema Mbarouk amekiomba. Kasema Mbarouk ni kijana wa adabu, picha zake zinatuliza moyo, na zangu zinamlazimisha apite mlangoni kafumba macho, juzi nusura ajikwae. Nilikuwa na majibu. Nikayameza. Shangazi hajibiwi.

Lakini kanipa nafasi ya mwisho. Yeye ni mwenyekiti wa Mawaridi, kikundi cha taarab cha kinamama, na Jumapili alasiri wana shughuli yao kubwa katika ukumbi mmoja kule Ng'ambo, hatua chache kutoka Michenzani. Wanataka pazia jipya la kutundika nyuma ya waimbaji. Nikilichora vizuri, chumba changu. Nikiharibu, Mbarouk anahamia siku ya pili yake. Anachotaka ni mawaridi mekundu na jina la kikundi, basi.

Mawaridi! Mimi!

Jumanne, 3 Agosti

Nimenunua kitambaa cha marekani Darajani, nimeiunga vipande, nimeiwamba uani. Kabla ya rangi lazima nguo ipakwe uji wa wanga, la sivyo inakunywa kila kitu. Nikachukua wanga wa Shangazi wa kupigia pasi. Nimegeuka kidogo tu, mapaka ya jirani yanaramba kona ya kushoto! Nikayatupia kiatu. Kiatu kimevuka ukuta, na jirani kanirudishia kwa njia ileile.

Mpango ninao! Mawaridi nitayachora, kama alivyotaka. Lakini katikati ya mawaridi nitaweka fuvu. Si fuvu peke yake, kiunzi kizima cha mifupa kilichokaa kitako kinaimba, waridi limening'inia kinywani, radi nyuma yake, buibui limepeperuka mabegani kama mbawa. Mswidi aliniambia kwao bendi haipandi jukwaani bila ya kitu cha kutisha mgongoni. Taarab nayo si bendi? Siku ya siku pazia litashuka, ukumbi utasimama, Shangazi atalia kwa furaha. Mbarouk atalia tu.

Ili nipate moyo wa kazi nikaweka kanda, sauti nikaifungua yote. Shangazi kaja mbio kichwa wazi, akidhani kuna mtu anachinjwa. Bibi wa nyumba ya pili kaja na chetezo cha ubani, kauliza pepo wangu ni wa pwani au wa bara, maana lugha haielewi. Nikamwambia hiki Kiingereza. Kasema basi ni wa Kizungu, hao taabu, wanadai biskuti. Nimefukizwa ubani mpaka nimekohoa. Hivi ndivyo msanii anavyotendewa katika mji huu.

Jumatano, 4 Agosti

Tatizo. Majalada yote ya kanda yanaishia kifuani! Fuvu ninalo, mbavu ninazo, chini ya hapo sijui mtu anakaaje. Nimejaribu kukaa mbele ya kioo, lakini mtu hawezi kukaa na kujichora na kuwafukuza mapaka kwa pamoja.

Halafu nikachungulia dirishani. Shangazi yuko barazani kwake, anapunga upepo. Goti moja kalisimamisha, mkono kiunoni, kidevu juu, macho nusu, shada la funguo limemlalia nyongani. Mkao wa malkia! Nikauchora mkao, nikaondoa nyama. Funguo nikaziacha, zimependeza sana juu ya mfupa. Upepeo wake wa ukili nikaugeuza gitaa.

Taya lilikuwa limeingia giza mno. Nilikuwa na rangi ya dhahabu kidogo, masalio ya kupakia fremu, nikalitilia jino moja. Likang'ara. Kwa nusu saa nzima leo sikumchukia mtu.

Ikaisha. Mbarouk kaja na futi ya kupimia. Kapima mlango wangu! Eti anataka kujua rafu zake zitapita. Kamletea Shangazi halua, kamwamkia shikamoo ndefu kama khutba, na Shangazi kaitikia marahaba kwa sauti ambayo mimi sijapata kuisikia. Nililifunika pazia kwa shuka asione. Kasema kwa upole kwamba ana hakika ni zuri, ila pengine lingefaa mnazi kidogo pembeni. Nimeuma brashi mpaka imekatika.

Ijumaa, 6 Agosti

Balaa!

Baada ya sala nimerudi nimemkuta Biasha uani, shuka kalishika mkononi. Biasha ndiye mwimbaji mkuu wa Mawaridi. Ni mwembamba, mrefu, na ana jino la dhahabu. Wallahi sikuwahi kulifikiria jino lake! Kauliza kama kile kiunzi ni yeye. Kabla sijajibu kauliza nani kanituma. Kabla sijajibu hilo kajijibu mwenyewe kwamba ni Tabia.

Tabia ni kiongozi wa Yasmini, kikundi cha upande wa pili. Yeye na Biasha hawapeani salamu miaka mingi, tangu Tabia aimbe harusini wimbo wa kuku mwembamba. Biasha aliapa kuku ni yeye. Ndivyo walivyo hawa. Huwezi kuimba kuhusu ndoo katika mji huu bila ya mwanamke mmoja kusimama akauliza kwa nini umemwimba.

Nikamweleza. Nimemweleza hevi metali, nimemweleza Mswidi, nimemletea majalada moja moja. Kayatazama yote kwa makini, kisha kauliza wale nao wanasemwa akina nani. Hawasemwi! Ni mafuvu! Kasema hakuna picha isiyo na mwenyewe, kwa hivyo ama nimtaje, ama yeye anapanda juu kwa Shangazi sasa hivi.

Nikaona chumba changu kinaondoka. Nikaona rafu za Mbarouk zinapita mlangoni. Nikasema ni Tabia.

Biasha kacheka mpaka kakalia kopo la rangi. Kanibariki, kanibariki na wazee wangu. Halafu akaanza kudai. Tabia anavaa miwani yenye fremu nene, miwani iko wapi? Tabia hatoki bila mkoba wake wa buluu, mkoba uko wapi? Na hilo jino liondoke. Nikakataa. Nikamwambia mimi ni msanii, sifanyi mipasho kwa brashi, sanaa yangu haimsemi mtu! Kaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Nimetia miwani. Nimetia mkoba. Jino nimelipaka rangi nyeusi. Nimechora kwa ghadhabu na miwani imekaa upande.

Jumamosi, 7 Agosti

Pazia limekauka, limekunjwa. Shangazi alitaka kuliona, lakini Biasha kamwambia mawaridi yale ni mazuri kiasi kwamba ni haramu kuyatazama kabla ya wakati. Shangazi kaamini. Mchana kanitilia kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida hula yeye. Kasema alijua siku moja nitatulia. Kasema kesho ni siku kubwa kwake, ana jambo kaliandaa miezi na hajamwambia mtu. Nikala kichwa cha samaki nusu, nusu nikawatupia mapaka.

Mbarouk kashaleta makopo yake, kayapanga nje ya mlango wangu. Nimelipiga teke moja. Limejaa. Kidole cha mguu kimevimba, na hili nalo namwandikia Mbarouk.

Jumapili, 8 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira tu.

Ukumbi ulijaa kinamama, asumini na marashi mpaka mtu unapiga chafya. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa, nimeshika kamba ya pazia. Shangazi kakaa kwenye kiti katikati ya jukwaa, kachukua kipaza sauti, katoa siri yake. Kawaalika Yasmini! Wote, pamoja na Tabia, safu ya mbele, miwani usoni, mkoba wa buluu mapajani. Kasema amechoka kuwaona wanawake wa mji mmoja wananuniana kwa ajili ya wimbo. Kasema leo ni suluhu, na pazia hili jipya ndilo alama yake. Kanigeukia, kasema nishushe.

Nikasema kamba imekwama. Kasema nishushe. Nikasema labda tusali kwanza. Kaniangalia. Nikashusha.

Vichwa vyote vikainuka. Hata mwenye dufu kageuka.

Tabia kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Biasha kawa anahesabu mapangaboi ya darini. Tabia kainuka, kapanda jukwaani polepole, mkoba kaukumbatia. Nikatafuta mlango wa nyuma. Kasimama mbele ya pazia, katazama goti lililosimama. Katazama mkono kiunoni. Katazama kidevu, kisha shada la funguo. Halafu kageuza shingo, kamtazama Shangazi, aliyekuwa amekaa chini yake palepale, goti juu, mkono kiunoni, kidevu juu, funguo nyongani.

"Mbona Kazija huyu!" kasema.

Ukumbi ulipasuka. Biasha katazama juu, katazama chini, katazama juu tena, kisha kacheka mpaka akataka kuanguka. Tabia kamdaka. Miaka yote hiyo hata salamu, leo wanaliliana mabegani kwa kicheko! Kamvalisha Biasha miwani yake. Mawaridi na Yasmini wakapanda wote pamoja, wakaimba, vigelegele, watu wakacheza hadi maghribi. Suluhu imepatikana. Nimeileta mimi! Hakuna aliyenipa hata mkono.

Wala hakuna aliyesema neno juu ya radi. Radi ile niliifanyia kazi siku mbili.

Shangazi peke yake hakucheka. Goti kalishusha. Mkono kauondoa kiunoni, kauweka mapajani kama mgeni, kavuta ushungi mpaka machoni. Nilitaka anitukane. Nilijiandaa kabisa kutukanwa, nilikuwa na majibu. Kapita mbele yangu, kasema tu kwamba ufunguo wa chumba cha chini nimwachie Mbarouk. Sauti ilikuwa ndogo. Iliniuma, na nakasirika kwamba iliniuma.

Jumatatu, 9 Agosti

Mbarouk kahamia. Rafu zake zimepita mlangoni bila ya kugusa. Kashatundika mnazi. Kaniomba radhi, eti hakutaka iwe hivi, kanipa halua. Nimeila yote mbele yake kwa chuki.

Vitu vyangu viko chini ya ngazi. Tabia na Biasha wameonekana Forodhani wameshikana mikono, wanakula mishikaki. Shangazi leo hajatoka kukaa barazani kwake. Kakaa ndani, na bibi wa nyumba ya pili anasema kila akitaka kukaa hajui tena akae vipi.

Nimekaa chini ya ngazi nikafikiri kwa mara ya kwanza bila ya kumtukana mtu. Yeye ndiye aliyenipa chumba wakati hakuna aliyetaka hata kunitazama, na mimi nimemfanyia vile mbele ya watu wake. Nimeona haya. Lazima nimtake radhi, na mtu kama mimi haombi radhi kwa maneno.

Marekani imebaki kipande kikubwa. Nshaanza. Nitamchora Shangazi, zawadi, na nitaitundika mlangoni kwake alfajiri, mtaa mzima uione. Nimejiuliza kosa la jana lilikuwa wapi. Mtindo? Haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba watu waliachiwa wakisie: mara Biasha, mara Tabia, mara Kazija. Vurugu tupu! Safari hii hakuna atakayekisia. Fuvu limetoka vizuri sana, kubwa kuliko la kwanza, na moto nimeuzungusha pande zote. Chini yake naandika, kwa herufi nene zisizo na mwiba hata mmoja, zinazosomeka kutoka mwisho wa njia: HUYU NI BI KAZIJA.