Kwenda Mgeta kwa Shilingi Sifuri

Jumanne, 2 Julai

Hashimu tena! Meza yake na yangu zimegusana pale sokoni Morogoro, basi hana siri. Leo ametangaza kwamba alipanda Mgeta kutafuta karoti, akalala, akala, akarudi, yote kwa elfu ishirini. Watu wakampigia makofi! Mimi Abeid, ninayechemsha majani ya chai mara tatu, nikahesabu sarafu zangu upya. Roho iliniuma.

Kesho nakwenda mimi. Shakila, mke wangu, kanipa elfu arobaini za nauli na gesti. Kaniomba nisimwaibishe kama kule Mzumbe, nilipokutwa nakula kwenye mahafali ya watu nisiowajua. Kasema hataki chenji, anataka nirudi salama. Atashangaa. Nitazirudisha zote arobaini. Hashimu atakoma.

Jumatano, 3 Julai

Bahati! Stendi nimekuta lori la Fuso lenye kitambaa chekundu mbele. Linapeleka watu Mgeta kwenye matanga ya mzee Mwinshehe, aliyezikwa jana. Bure! Nikavaa sura ya msiba, nikapanda.

Wakauliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikafikiri haraka. Nikisema mtani wake, nitapasua kuni, nitachota maji na kuchekesha watu mpaka matanga yaishe. Ya nini? Nikasema marehemu ni mjomba wangu, ukoo wetu ni mmoja kwa mama. Jina la ukoo nilishalisikia kwa mwanamke aliyekuwa akilia mbele yangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mpogoro wa Mahenge na Mgeta hakuwahi kuiona. Lakini wakanipisha nikae vizuri.

Juu huko ukungu mtupu. Nimempa shikamoo Bibi Mwanahawa, dada wa marehemu. Hakuitikia marahaba. Alinitazama sana, kisha akasema nimechelewa, walikuwa wananisubiri. Wananisubiri mimi? Sikuuliza. Wali ulikuwa unaletwa.

Malazi nimepewa chumba cha marehemu. Wengine wote wanaogopa kulala humo. Godoro la sita kwa sita, peke yangu! Gesti gani ina godoro hilo?

Alhamisi, 4 Julai

Viatu vya marehemu jana vilikuwa mlangoni, vimetazama nje. Asubuhi nimevikuta chini ya kitanda, vimenielekea. Nimevijaribu. Vinanienea! Nimeokoa na hela ya viatu.

Leo wameondoa matanga. Bibi Mwanahawa akatangaza kwamba jina la marehemu hurithiwa na mtoto wa dada, wa tumbo la ukoo wao, na kwamba mtu huyo ameshafika. Wote wakageuka kunitazama.

Akanisogelea, akasema taratibu, "Mwanangu, kama wewe si wa kwetu, sema sasa hivi. Mgeni akilichukua jina la marehemu, jina lake mwenyewe ndilo tunalolizika. Na mtu hufuata jina lake."

Niliogopa. Siandiki uongo humu. Neno la kweli lilifika mpaka kooni. Lakini wangenidai nauli ya Fuso! Na wali wa jana! Na mrithi hupikiwa supu ya mbuzi. Nikanyamaza.

Wakanipaka unga usoni, wakanivika kofia ya marehemu. Bibi akaniuliza nilikuwa naitwa nani. Nikamtajia. Akakunja pindo la kanga yake, akafunga fundo kama mtu anayefunga sarafu, akaenda makaburini peke yake. Niliona baridi ghafla, mpaka kwenye meno. Supu ilikuwa nzuri ingawa sikuonja chumvi.

Ijumaa, 5 Julai

Nimemfuata Erick, mkulima wa karoti. Nimemsalimu mara tatu. Anatazama barabara nyuma yangu, anapiga mluzi. Kiburi! Karoti zake abaki nazo.

Nimempigia Shakila. Kapokea, kaita halo, halo, kauliza ni nani, kakata. Nimeangalia salio. Halikupungua hata senti!

Basi la kurudi. Konda amekusanya nauli kiti kwa kiti. Akapitisha mkono juu ya kichwa changu, akachukua ya jirani, akapita. Nikajifanya nimelala. Kuna mama kapanda njiani, kaweka tenga zima la kabichi mapajani mwangu bila hata samahani. Ajabu, sikusikia uzito. Nilitaka kugomba, lakini ningegomba konda angenikumbuka. Nauli ya kurudi: sifuri! Hashimu, uko wapi?

Jumamosi, 6 Julai

Basi lilifika usiku, nikalala stendi bure; asubuhi nimekuta turubai mbele ya nyumba yangu. Na viti vya kukodi! Nani kakodi bila kuniuliza?

Ndani Shakila yuko mkekani, macho yamevimba. Habari imeshuka kutoka Mgeta kwamba Abeid alifariki Alhamisi na kaburi lake liko huko. Shakila alikuwa anamwambia jirani yetu Catherine kwamba laiti ningerudi, hata na aibu mia, angenipokea. Nikakaa karibu yake. Nikamwita. Akajifunika kanga vizuri, akasema kuna upepo. Niliumia. Kweli niliumia, nikalia.

Nikaweka zile elfu arobaini mkekani, zote, aone nilivyotunza. Catherine akaziokota, akauliza nani katoa rambirambi kubwa hivi bila kuandikisha jina. Rambirambi! Hashimu alikuwa hapo, katoa elfu mbili na kula sahani mbili.

Mchana likaja Fuso lile lile, kitambaa kile kile, kuwapeleka watu Mgeta wakaone kaburi langu. Shakila akapandishwa akiwa ameshikwa mikono. Mbele, karibu na dereva, amekaa Bibi Mwanahawa. Yeye peke yake akanitazama usoni. Fundo bado liko kwenye pindo la kanga.

Akaniuliza kwa upole kama sasa nina la kusema. Nikamwambia kweli yote: Mpogoro, Mahenge, uongo wangu, Hashimu. Akatikisa kichwa. Akasema hilo analijua, na kwamba fundo linaweza kufunguliwa leo tu, kabla jua halijazama, nami nitashuka Mgeta nikiwa hai, nimeshikana mkono na mke wangu. Ila ninunue mbuzi mmoja wa kulifungulia. Akaongeza kwamba pale mkekani nilikuwa na hela ya kuanzia, na kwamba Shakila angeongeza iliyobaki bila kuuliza.

Mbuzi! Nikamwuliza bei. Laki na nusu! Nikamwambia hapo amenibana, mwezi huu mbuzi wako juu sana, nitasubiri washuke.

Nimepanda nyuma. Hashimu kanikalia. Hakuna aliyeniomba nauli.