Ombi la Kukatwa kwa Kurasa Thelathini na Nane za Mwisho

Kwa Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Chuo.

Mheshimiwa Mama Mkutubi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na rafu zako zote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa fasihi ya kisasa ya Kihispania, yule wa dirishani anayekuomba kila siku upunguze feni. Nalalamikia kitabu ulichokiweka rafuni Jumatatu bila kutushauri.

Kama ujuavyo, kwa miaka kumi na mmoja idara yetu imekuwa na nakala moja tu ya ile riwaya ya mjane na mpangaji wake fundi saa, na sote tumeisoma kwa fotokopi. Inaishia pale mpangaji aliyefukuzwa anaporudi kubisha hodi, na mjane anaweka mkono kwenye kitasa. Basi. Mwalimu wetu hufundisha kwamba mwisho huo ulioachwa wazi ndio kilele cha usasa. Nami nimeuandikia tasnifu ya kurasa mia moja na arobaini, "Kitasa Kisichozungushwa", nitakayoitetea mbele ya jopo Alhamisi.

Sasa umetuletea nakala nyingine, zawadi ya chuo rafiki. Ina kurasa thelathini na nane zaidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nakala hiyo imevunja amani. Mwenzangu tunayemwita Kamusi, ambaye hajawahi kumaliza kitabu chochote, amekimaliza hiki ili tu anikomoe. Alinikuta kwenye foleni ya chai akaniambia mbele za watu, "Pole, dada. Mjane wako ameolewa."

2. Ni kweli ameolewa. Nilifungua ukurasa ule mmoja tu alionionyesha, wa 291, nikakuta hadi viatu vya bwana harusi vimeelezwa. Nauliza kwa unyenyekevu: mwandishi aliyefika kwenye kitasa alipata wapi ujasiri wa kuendelea?

3. Mwalimu amedhalilika. Nilipompelekea habari alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema huenda mwandishi hakukielewa kitabu chake. Namuunga mkono, na hoja hiyo nimeiingiza katika sura ya tano.

4. Balaa limefika hadi kwetu. Mama yangu ni fundi cherehani. Nilipomweleza kwa simu aliuliza, "Miaka yote hiyo, maprofesa wazima, hakuna aliyeona kitabu kimechanika?" Akaongeza kwamba yeye gauni lililokosa mkono halimpiti hata gizani. Mama huyu Alhamisi atakaa safu ya mbele.

Kwa hiyo naomba nakala hiyo iondolewe rafuni. Kama kanuni haziruhusu, basi iorodheshwe kama riwaya nyingine, ya mwandishi mwingine mwenye kipaji kidogo. Hilo nalo likishindikana, nipo tayari kuja mwenyewe na wembe mpya nizikate kurasa hizo kwa mstari ulionyooka, ili nakala zetu mbili zilingane. Maktaba isiwe na upendeleo.

Nisalimie wahudumu wa kaunta, fundi wa kujalidi vitabu, na mlinzi anayetupekua mikoba mlangoni, ambaye kwa suala la wembe ningeomba umwandae mapema.

Wako katika kuyalinda yasiyokamilika,
Mwanafunzi wa dirishani

Nyongeza: Kabla sijaileta barua hii nilikiazima kitabu ili nihesabu karatasi za kukata, nikajikuta nazisoma. Mjane anapofungua mlango hatoi hotuba yoyote. Anamwambia fundi saa, "Ingia, umelowa." Nimeandika kurasa mia moja na arobaini juu ya mlango ule, na hakuna hata mmoja ambamo nilikumbuka kwamba nje kulikuwa na mtu, na mvua ilikuwa inamnyeshea. Nimelijulisha jopo kwamba Alhamisi sitafika, naanza upya. Kitabu naomba niongezewe wiki mbili.