Mikarafuu Mia Mbili na Jicho la Angani

Jumatatu, 6 Machi 2023

Mkutano kwa sheha wetu hapa Pujini. Mgeni wa leo ni Bi Mwanapili, afisa wa mradi wa karafuu, kompyuta kwapani. Kasema miche itagaiwa bure. Lakini kwanza idadi ya mikarafuu tuliyoandikisha mwezi wa Januari itahakikiwa kwa picha za satelaiti.

Januari niliandikisha mia mbili. Ninayo arubaini na moja.

Basi ningefanyaje? Jirani yangu Jecha alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Akataja thelathini na minane bila haya, kama anahesabu meno yake. Mtu wa hadhi yangu afuatie na arubaini na moja? Isitoshe, mwenye vingi ndiye huongezwa. Dunia ndivyo ilivyo.

Nikauliza hiyo satelaiti imeomba ruhusa ya nani kuchungulia mashamba ya watu. Hata hodi haipigi! Bi Mwanapili akajibu kwa upole wa kuudhi kwamba mataifa yalikubaliana zamani: anga za juu hazina mwenyewe, na kinachopita huko hakiombi ruhusa ya mtu. Kampuni inapiga picha, mradi unanunua. Itapita Alhamisi asubuhi.

Aliye juu mngoje chini, walisema wazee. Hii haishuki!

Jumanne, 7 Machi

Nimepata dawa. Kitu kilicho juu kuliko ndege kitajuaje mkarafuu na tawi la mkarafuu? Nimekata matawi makubwa makubwa na kuyachomeka ardhini kwa mistari. Tisini na sita kabla ya adhuhuri! Palipobaki wazi nitatandika maturubai ya kijani.

Kazija, mke wangu, kaja na sahani ya muhogo. Kauliza naotesha nini. Nikamwambia heshima. Kaondoka na muhogo wake.

Jecha naye kaegemea ua. Kasema mikarafuu yangu imebaki kama kuku walionyonyolewa. Wivu.

Alhamisi, 9 Machi

Mbingu nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. Matawi yamenyauka kidogo, nimeyamwagia maji. Nimesimama katikati ya shamba tangu saa mbili, kanzu ya Idi mwilini, kofia ya viua kichwani. Picha ni picha.

Sikuona kitu kupita. Hiyo ndiyo teknolojia yao.

Jumamosi, 11 Machi

Fedheha! Bi Mwanapili kaweka picha ya shamba langu ukutani kwa sheha, kubwa kama shuka, watu wote wanatazama. Kaeleza kwamba jani lililo hai lina mng'ao ambao jicho la mtu halioni, lakini satelaiti inauona na kuupaka rangi nyekundu. Mikarafuu arubaini na moja ilikuwa myekundu, tena kwa unyonge. Matawi yangu yalikuwa kijivu, mistari mizuri ya kijivu. Maturubai yalionekana maturubai. Doa jeupe katikati, kasema, hajalitambua. Jecha kalitambua. Watu wakacheka hadi mzee mmoja akapaliwa.

Sikukubali. Nikasimama nikasema chombo chao kina mtoto wa jicho. Nikasema mikarafuu hii niliachiwa na baba yangu, nami naijua kwa majina. Bi Mwanapili akachoka. Kasema utaratibu upo: mwenye shamba akipinga picha, idadi yake ndiyo inayoandikwa, ilimradi atie saini. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Nikatia saini. Mia mbili! Satelaiti nzima nimeibwaga kwa kalamu. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu ili nionekane.

Jumatatu, 13 Machi

Orodha imebandikwa. Miche mia moja kwa kila mwenye mikarafuu isiyofika hamsini. Mradi ni wa kuwainua wenye michache!

Jecha kapata. Mimi kwenye orodha ya wenye kujitosheleza.

Sheha, Mzee Pandu, kanivuta pembeni. Kasema niandike barua fupi tu, kwamba nilikosea hesabu, na Bi Mwanapili atanipa mia yangu bila maneno. Nimeisimulia nyumbani kama kichekesho. Kazija hakucheka. Katazama ile mikarafuu iliyonyonyolewa, akaniambia, "Weye, mwaka huu tutachuma nini hapo? Andika nilikosea. Neno moja tu!"

Niandike nilikosea, Jecha asikie? Bora nife.

Jumanne, 14 Machi

Nimepata dawa nyingine, na hii haina dosari. Satelaiti inapita tena Alhamisi. Nitatoa taarifa kwamba upepo mkali umepiga shamba langu, langu peke yake, ukaangusha mikarafuu mia na sitini. Saini yangu itabaki ya kweli, picha itabaki ya kweli, na miche nitapewa.

Ila upepo bila miti iliyolala chini nani atausadiki? Kwa hiyo nitaangusha ishirini. Kutoka kule juu watadhani ni mia na sitini.

Shoka nimeazima kwa Jecha. Kanipa upesi, tena kalinoa mwenyewe. Mpumbavu yule, hajui anamsaidia nani.