Jogoo Mwenyekiti na Kesi ya Myanga

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale.
Shemeji Lenah amepiga simu kutoka Bungoma. Amesema dada yake amekufa tena, safari hii Myanga. Nilidhani ana homa. Kisha akanitumia picha za kijitabu cha mazishi ya mama mmoja, Phelista, atakayezikwa Jumamosi. Wasifu ni ule niliomwandikia mke wangu Nakhumicha alipofariki Agosti iliyopita. Neno kwa neno. "Alinipulizia chai hata ikiwa imeshapoa." Hiyo ni ya Nakhumicha! Hata jogoo wetu yumo, yule aliyemwita Mwenyekiti kwa kuwa kelele ni nyingi na kazi hakuna.
Sijala.

Jumanne, 4 Machi.
Nimekwenda kwa Bethwel, mwenye duka la kompyuta aliyetupigia chapa wasifu ule. Hakukana. Amesema hiyo sasa ni sampuli namba nne, Mke Mwema, na ndiyo inayotoka sana. Watu wa Bungoma huiagiza kwa simu. "Si marehemu ni marehemu, bana?" Nikamwambia kuna sheria ya haki miliki. Akauliza ni nani atakayemshtaki. Nikasema mimi.
Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya maisha. Niko somo la pili la kozi ya bure ya haki miliki ya kimataifa, kwa simu. Yamebaki kumi na manane. Tena Lenah anasema kijitabu kimefika Mbale, Uganda, kwa jamaa za marehemu, kwa hiyo kesi imeshavuka mpaka. Kutoka Mbale hadi Geneva, yaliko makao ya haki miliki duniani, si mbali.
Nimeagiza kadi hamsini: "Wabwile, Haki Miliki, Kitale na Geneva." Amezichapisha Bethwel. Kwingine kote kulikuwa kumefungwa.
Jumamosi hakuna atakayesoma maneno yale. Nakhumicha alikufa mara moja. Inatosha.

Jumatano, 5 Machi.
Barua ya onyo. Nimepata moja mtandaoni, ya mawakili fulani wa Eldoret. Inatisha vizuri. Nimeinakili, nimebadilisha majina tu. Mwanasheria mkubwa hapotezi muda.

Alhamisi, 6 Machi.
Bethwel amewasomea wateja barua yangu kwa sauti. Kumbe aya ya tatu bado inadai arudishe magodoro yote yenye nembo ya mteja wangu. Ameuliza ni magodoro yapi, au marehemu alikuwa na duka. Mama mmoja alicheka hadi akakaa chini. Kisha Bethwel akaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la wafanyabiashara.
Nilirudi nyumbani nikamfukuza Mwenyekiti jikoni. Baadaye nikamrudisha. Nakhumicha hakupenda afukuzwe.

Jumamosi, 8 Machi. Myanga.
Mpango: msomaji akifungua kinywa tu, nasimama na kupinga. Lenah aliniomba nisimwaibishe mbele ya watu wa kanisa lake. Nikamwambia sheria haina shemeji.
Msomaji akafungua kinywa. Sikusimama. Alipofika kwenye chai, bibi wa mbele alijifunika uso kwa leso. Alipofika kwa Mwenyekiti, watu walicheka huku wanalia, na mimi nikamwona Nakhumicha mlangoni na kikombe, anapuliza. Lenah alinishika mkono.
Baadaye nilimfuata mgane, mzee Wamalwa, nikampa kadi kwa ukali. Nikamwambia maneno yale ni ya mke wangu. Aliitia kadi mfukoni. Akasema yeye hajui kuandika mambo ya namna hiyo, alimwambia Bethwel aweke lolote la kuonyesha kwamba mama alikuwa mtu. "Sisi tunafuga bata, ndugu yangu. Nimeshangaa huyo jogoo ametoka wapi."
Kisha akauliza, ati Mwenyekiti bado yuko hai?
Tulikaa mpaka viti vikakusanywa, yeye akinisimulia. Phelista alikuwa akichambua kunde huku anaimba nusu ya wimbo mmoja, miaka thelathini, nusu ile ile. Hilo Bethwel hana.
Wamalwa simshtaki. Bethwel ndiye.

Jumatatu, 10 Machi. Kitale.
Barua pepe kutoka Eldoret. Picha ya barua aliyoirusha Bethwel imewafikia mawakili wale. Wanasema barua yangu ni yao, kuanzia salamu hadi magodoro. Niache mara moja, na niombe radhi kwa maandishi. Mimi! Mtu mwenye msiba! Wizi wote uliojaa Kitale hawauoni, wameona wangu.
Lakini ukweli usemwe, hii imeandikwa vizuri kuliko ile ya kwanza. "Ukiukaji wa makusudi na usio na haya." Nimeinakili yote, nimebadilisha majina tu, inakwenda kwa Bethwel. Nimeikagua mara mbili. Haina godoro.
Nimeichapishia kwake. Ameisoma ikitoka kwenye mashine, akaisifu, akaomba aihifadhi iwe sampuli namba tisa.
Nimemwambia athubutu aone. Kila neno ni jasho langu.