Watu Arobaini wa Chumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kuwa mtu. Mradi wetu wa programu huria, ile inayosikia Kiswahili na kukiandika kwenye skrini, umetoa orodha ya wachangiaji. Nimo. Wa mwisho! Nimewekwa chini ya bwana mmoja aliyesahihisha nukta mbili akaenda zake. Juu kabisa kakaa yule tunayemwita Miwani, ninayekaa naye meza moja kazini. Siku nzima hakuitaja orodha. Unyenyekevu wa aina hiyo unaniudhi sana.

Programu ni ya bure. Fundi yeyote wa kompyuta anaruhusiwa kuichukua, kuifumua na kuitia kwenye kazi yake. Ila masikio yake bado mazito. Inajifunza kwa kusikiliza sauti za watu wa kila namna, na sauti hizo hatuna. Mlezi wa mradi, mama mmoja mkali, katangaza kwamba atakayeleta watu arobaini kufikia Jumatano atapanda juu ya orodha.

Miwani kaenda kituo cha basi na kinasa sauti. Anamweleza kila mtu, anamsomea fomu, anamwomba ridhaa. Karudi na watu watatu na kichwa kinamuuma.

Jioni dada yangu kapiga simu kutoka hospitali. Mama hawezi tena kushika kalamu. Sauti bado anayo, kidogo. Tatizo ni Baba: mwaka wa sita huu hasikii kitu. Kila neno lazima aandikiwe kwenye daftari, na anayemwandikia maneno ya Mama sasa ni dada. Sasa Mama ana jambo la kumwambia mumewe, na hataki mtoto akae katikati na kalamu. Kasema ni maneno ya watu wawili tu. Nikamwambia dada asihangaike, naitia programu yetu kwenye simu ya Baba. Mama atasema, Baba atasoma, mlango umefungwa. Jumapili. Dada kaniuliza kama nina hakika. Ananiuliza hivyo tangu utotoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Tumbo, nimesema.

Nimeanza kwa uaminifu kabisa. Fundi cherehani wa duka la chini yetu kasema ana nguo za harusi, nisimpotezee muda. Mke wa mwenye nyumba kauliza sauti yake itapelekwa wapi. Nilipoanza kumweleza kafunga mlango. Watu wawili, hapana mbili. Hapo nikakumbuka kwamba koo ninalo.

Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeshakuwa askari mstaafu, msichana wa chuo, dereva mwenye mafua na pacha wawili. Pacha wa pili nilimpata kwa kujitia leso mdomoni. Kwa wazee nililala chali na blanketi mpaka kidevuni. Bibi wa miaka sabini alinitoka vizuri mno, nikamkohoza kidogo. Baba alikuwa sebuleni muda wote. Hasikii, kwa hiyo hakunisumbua.

Fomu za ridhaa nimezijaza zote arobaini. Wote wamekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Niko juu! Jina langu, kisha nafasi, kisha Miwani na watu wake kumi na mmoja.

Jana mlezi kaifundisha programu upya kwa sauti zetu zote, na nyingi ni zangu. Nimeitia kwenye simu ya Baba, nikaijaribu kama askari, kama bibi, kama pacha. Haikosi hata herufi. Nikanong'ona, ikaandika. Nikaongea huku natafuna, ikaandika.

Kazini nikampa Miwani aseme sentensi moja. Skrini ikabaki nyeupe. Nikamshauri akapimwe koo. Kaitazama simu, akanirudishia. Donge limemkaa.

Ijumaa, 7 Machi

Maji ya shingo.

Nilisahau kwamba mradi huria uko wazi kote, mpaka kwenye rekodi. Mchana wote Miwani kavaa visikizio kawasikiliza watu wangu, mmoja mmoja. Kisha kaandika kwenye kundi la mradi, kwa adabu ya kukata maini, kwamba watu wote arobaini wanaonekana kuishi jirani na cherehani. Tena cherehani ile ile, gurudumu lake linakwaruza.

Nikajibu upesi kwamba niliwarekodi dukani kwa fundi, wateja wakisubiri nguo zao. Miwani kauliza duka liko wapi, angependa kumshukuru fundi. Nikajitia hamnazo.

Nikawaza: simu ya Baba nayo inahifadhi kila sauti inayosikia, na humo nimo na ukoo wangu wote. Miwani akiishika tu, nimekwisha. Nimefuta rekodi zote, kisha nimeiondoa kabisa ile sehemu ya kuhifadhi. Sasa inasikia, inaandika, haibakizi sauti. Usafi.

Jumapili, 9 Machi

Hospitali. Baba kavaa shati lililopigwa pasi. Njia nzima aliishika simu kwa mikono miwili.

Dada kaomba tuijaribu kwanza kwa sauti ya Mama, sentensi moja tu. Nikakataa. Nikasema Mama asichoshwe. Bibi wa miaka sabini nilikuwa nimeshampima, alipata mia kwa mia.

Tukatoka, mlango ukafungwa. Dakika ishirini. Mlango una kioo kidogo, nikachungulia. Mama alikuwa anasema. Baba anatazama skrini, anatazama midomo yake, anatazama skrini, anaitikia kwa kichwa. Nikajipongeza.

Alipotoka alinionyesha simu. Nyeupe. Kaniuliza, kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, kama labda aliishika vibaya. Ukumbi mzima ukageuka. Kasema hakumwambia Mama kitu, aliitikia tu kwa kichwa asije akamvunja moyo.

Dada akanitazama. Nikachukua daftari nikaandika: Ndiyo, Baba. Uliishika mbali.

Kaomba aingie tena. Muuguzi kasema mgonjwa amechoka, arudi kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Mama kafariki asubuhi, kabla hatujafika.

Dada kasema jana jioni Mama alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Alimwambia dada: sasa baba yenu anajua. Hakusema anajua nini.

Baba kaniandikia kwenye daftari, ingawa mimi nasikia: Sauti yake imebaki humo? Nikaandika hapana. Sababu sikuiandika. Nikatoka nikalia ukumbini karibu na pipa la takataka, mpaka mfagiaji akaniomba nisogee.

Alhamisi, 13 Machi

Tumeshazika. Watu bado wanakuja.

Miwani naye kaja kutoa pole. Kakaa na Baba saa nzima, anamwandikia kwenye daftari. Kurasa nne! Baba katabasamu mara moja, nimeona. Mtu unafiwa, halafu mshindani wako anakuja kukuchukulia baba.

Wakati wa kuondoka kapita dukani chini. Fundi kamweleza kwamba hakuna mteja wake aliyewahi kurekodiwa sauti dukani. Ila wiki iliyopita mtu wa juu alikuwa anagombana peke yake kutwa nzima, mara kwa sauti ya kike, nusura aje kumwangalia. Miwani kapanda tena, kanivuta kando. Kasema taratibu kwamba ndiyo maana programu inanisikia mimi tu. Hatamwambia mtu mpaka msiba uishe, ila angependa niliambie kundi mwenyewe.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi Baba kaniletea simu. Kaniomba nimfundishe kuishika.

Nikamwambia kwa ishara aisogeze karibu na mdomo wangu. Nikasema: Baba, habari za asubuhi. Ikaandika, bila kosa. Nikasema sentensi ya pili, ya tatu. Zote zikatokea. Kazisoma moja moja kwa kidole. Kisha kasema, kwa sauti kubwa, kumbe ni kweli, aliishika mbali. Kasema Mama alisema maneno mengi na yeye kayamwaga yote. Akakaa chini palepale kwenye mkeka akalia, na kwa kuwa hajisikii, alilia sana.

Nilitaka kumwambia. Nililishika daftari. Nikaandika: Usijali, Baba, ni jambo la mazoezi.

Matokeo ya leo nimeyatuma kwenye kundi: sentensi tatu, zote sahihi, mtumiaji mzee.

Mlezi kajibu. Kasema kuna malalamiko kutoka kila upande kwamba programu haiwasikii kabisa wanawake wazee. Anataka sitini kufikia Ijumaa, na Miwani keshajiandikisha. Kwa hiyo lile la kuliambia kundi litangoja kidogo.

Fundi amefunga duka mpaka Jumatatu kwa heshima ya msiba. Hakuna cherehani, nyumba kimya. Nimechukua blanketi la Mama, nimelala chali, nimejaza fomu ya kwanza. Mwanamke, miaka sabini na mmoja. Amekubali.