Wiki Niliyomtafuta Mwizi

Jumatatu, 8 Mei

Balaa. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa maktaba: uhalifu katika mtaa wetu umepungua mno, kwa hiyo meza ya polisi ya kila Jumatano inaondolewa. Keshokutwa ndiyo mara ya mwisho.

Mtaa mzima unashangilia. Jirani yangu Bi Aleida wa namba 14 ameoka keki ya matofaa na kuigawa nyumba kwa nyumba. Keki sikuikataa. Lakini hakuna anayefikiria hasara. Afisa Fenna hukaa pale maktaba saa nne hadi saa tano asubuhi, na kwa miaka mitatu sijakosa hata mara moja. Nimeshamripotia glavu iliyopotea, harufu nisiyoielewa na bata mkorofi. Kabla ya yote huniuliza, "Umelalaje, Mzee Dijkema?" Tangu mke wangu Riekje afariki, hakuna mwingine anayeniuliza swali hilo. Siko tayari kulipoteza.

Nimepata ufumbuzi. Uhalifu ukipanda, meza inarudi. Kuiba siwezi, nimefungua na kufunga daraja la mfereji miaka thelathini, nina jina langu. Basi niibiwe.

Jumanne, 9 Mei

Baiskeli yangu nimeiegesha mbele ya nyumba bila kufuli. Ndani ya Groningen! Zamani mtaa huu waliiba hata kengele peke yake. Nilikaa dirishani kuangalia, kisha nikakumbuka kwamba hatuna mapazia na mwizi angeniona. Nikahamia nyuma ya ua wa majani na darubini yangu.

Saa sita upepo ukaiangusha. Mama mmoja nisiyemjua akaiinua, akafuta kiti kwa leso yake, akaenda zake. Watu wa siku hizi hawana adabu.

Jumatano, 10 Mei

Nimekwenda mezani mikono mitupu. Afisa Fenna akauliza nimelalaje. Nikamjibu kwamba nimelala vibaya, kwa sababu baiskeli yangu bado haijaibiwa. Akauliza, "Bado?" Nikabadilisha mazungumzo, nikamweleza habari za bata. Saa tano akakunja kitambaa cha meza, akanipa mkono. Nilitoka haraka ili asione uso wangu.

Alhamisi, 11 Mei

Mnyororo kwenye baiskeli! Mnene, mpya. Nikafurahi, nikadhani mwizi ameiteka nyara. Kumbe kuna karatasi: "Harmannus, umesahau kufuli. Ufunguo uko kwangu. Aleida."

Sasa siwezi kupanda baiskeli yangu mwenyewe bila kubonyeza kengele ya jirani. Nilikwenda. Akanipa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo kama ilivyo desturi yetu Waholanzi, halafu akanihutubia saa nzima kuhusu bima. Nimeondoka kwa hasira, ufunguo nimeusahau palepale.

Ijumaa, 12 Mei

Mpango wa pili. Nimeacha mlango wa mbele wazi, redio nzuri mezani, nikaenda kukaa bustanini hadi saa nane mchana.

Nimerudi na kuhesabu mali. Kilichopungua: hakuna. Kilichoongezeka: sufuria ya dengu, skafu ya sufu na bawaba ya mlango iliyotiwa mafuta. Bwana Ramdin wa namba 9 anasema aliona mlango wazi akahofia nimeanguka, akaingia kunitafuta. Akaita wengine. Wameingia watu tisa nyumbani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeona haya akaondoka na kijiko.

Dengu zilikuwa tamu. Hilo si hoja.

Jumamosi, 13 Mei

Ukitaka kazi ifanyike, ifanye mwenyewe. Nikavaa kofia nyeusi na miwani ya jua, nikaanza kupanda dirisha la jiko langu mchana kweupe ili mashahidi wawe wengi. Kichwa kimepita, mabega yamepita. Tumbo limegoma.

Nikamsikia Bwana Ramdin akiniambia mlango uko wazi, mzee wangu, mbona unajitesa. Nikanguruma kwamba mimi ni mwizi. Akasema sawa, mwizi, kaza tumbo. Yeye akashika mguu mmoja, Bi Aleida mwingine, wakanisukuma ndani hadi kwenye beseni la vyombo. Hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Aibu tupu.

Jumatatu, 15 Mei

Afisa Fenna mwenyewe mlangoni, na sare! Amepokea simu kumi na moja. Baiskeli isiyofungwa, mtu mwenye darubini uani, mlango ulioachwa wazi, miguu inayoning'inia dirishani. Akasema ni mwaka sasa hajapata ripoti nyingi hivi kutoka mtaa wetu, na zote zinanihusu mimi. Hakuna aliyenishtaki. Wote walitaka aje anitazame kama niko salama.

Nikamweleza ukweli wote. Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha katika shajara yangu mwenyewe. Yeye alicheka hadi akavua kofia. Kisha akasema meza hairudi. Anahamia mtaa ambako watu bado wanatembea haraka wakirudi nyumbani, kama sisi tulivyokuwa miaka ile. Siwezi kumlaumu. Akiwa mlangoni akauliza ufunguo wa baiskeli uko kwa nani. Nikamwambia. Akasema basi kaufuate, Mzee Dijkema.

Jumatano, 17 Mei

Saa nne miguu yenyewe imenipeleka maktaba. Kwenye meza ya Afisa Fenna: Bi Aleida na chupa ya kahawa, Bwana Ramdin na gazeti. Kiti cha tatu kitupu. Bi Aleida akasema nisisimame kama nguzo, Fenna amewaambia kila kitu. Halafu, akiangalia kikombe na siyo mimi, akauliza, "Haya, umelalaje?"

Nikasema vizuri. Lilikuwa jibu la kweli. Kopo la biskuti halikufungwa, nimekula tatu. Ufunguo alinirudishia, nikamwambia akae nao.

Kuna tatizo dogo tu. Mtunza maktaba anasema kuanzia Juni meza itatengewa vikundi vya watu wanane au zaidi. Sisi ni watatu. Wenzangu wanataka kuandika barua ya kumwomba. Barua!

Kesho naacha mlango wazi. Mara ile walikuja tisa.