Risasi Katika Kisima cha Lanet

Agosti 2007, Kamati ya Uratibu wa Usafi wa Maji ilitangaza kwamba maji ya kisima kipya cha Lanet ni safi, na kwamba usafi huo ungeanza kutumika rasmi Jumatatu. Mwenyekiti, Bwana Hezekiah Kosgei, aliliandika tangazo mwenyewe na akaona limekaa vizuri.

Kisha akaja Sapna, mwalimu wa kemia, na kisanduku alichokiunda kwa waya, betri na kipande cha karatasi kilichopakwa unga wa penseli. Ukichovya karatasi majini, umeme kidogo unapita, na kisanduku kinakuambia kuna nini.

"Mzee, kuna risasi," akasema.

Hezekiah akatafakari. "Risasi ni mambo ya kambi ya jeshi. Hapa ni maji."

"Si ya bunduki. Ni madini, inaharibu akili ya watoto. Nursery ya Milcah wanakunywa hii maji kila siku."

"Na hicho kidude ni pesa ngapi?"

"Bei ya kuku."

Hezekiah akapumua. Kitu cha bei ya kuku hakikuwa na mamlaka ya kupinga kamati. Akamweleza kwa upole kwamba madini yoyote yanayotaka kuingia katika maji ya umma huomba kibali, na mezani hapakuwa na ombi.

Siku ya uzinduzi aliamua kumaliza ubishi kwa kunywa hadharani. Glasi ikajazwa. Sapna akachovya karatasi. Taa nyekundu ya kisanduku ikawaka.

"Kunywa tu, boss," akasema Milcah, mwenye nursery. "Watoto wangu wamekuwa wakikunywa."

Hezekiah akaitazama glasi. Akakumbuka itifaki, akampa naibu wake heshima ya kutangulia. Naibu akampa katibu, kwa kuzingatia usawa wa jinsia. Katibu alikuwa amefunga. Glasi ikamfikia Dalmas, dereva wa kamati, ambaye aliinusa, akafungua boneti na kuimimina kwenye rejeta.

"Hii Peugeot haina akili ya kuharibika," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Hezekiah akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba kamati, kwa umakini wake, imegundua risasi na imefunga kisima.

"Asante, mzee," akasema Milcah. "Basi mpaka kitengenezwe, tutachota kwa tenki ya ofisi yenu. Na gari mmekuja nayo."

Dalmas alikuwa ameshafungua buti, na akina mama walikuwa wakipakia mitungi.

Hezekiah alirudi mjini kwa miguu, suti ikiwa na vumbi hadi magotini. Peugeot ilipompita mara ya pili, alipunga mkono. Dalmas akapiga honi, kwa heshima, na hakusimama.